Meza Sita na Birika Moja

Shirika nililolifanyia kazi ya utunzaji ghala kwa miaka kumi na minane lilipoanza kupunguza watu, mimi nilikuwa katika kundi la pili. Kundi la kwanza walilia, kundi la tatu walikuwa wameshazoea. Sisi wa katikati tulipewa kiinua mgongo, tukapeana mikono, tukatoka na kalamu zetu mfukoni. Mimi nilitoka pia na wazo. Nililipata kwa kutazama, si kwa kusoma, ingawa mke wangu huamini kwamba kila kosa langu limeanzia kitabuni.

Nilichokiona ni hiki. Mwanza ya miaka ile ilikuwa imejaa watu wenye kazi wasio na ofisi. Zamani ofisi ilitangulia na kazi ikafuata, au isifuate. Sasa mtu alikuwa anapeleka sangara kiwandani kwa tani, lakini makubaliano yake yote yamo katika mfuko wa shati. Dada mmoja niliyefanya naye kazi, aliyewahi kuwapigia chapa wakurugenzi watatu mfululizo, alikuwa na mashine yake barazani kwa watu, na mvua ikija anaifunika kwa kanga kabla ya kujifunika yeye. Kila mmoja wao alihitaji meza, paa, na jibu la kumpa mtu anayeuliza, "Nikupate wapi?" Hakuna hata mmoja aliyeweza kupanga chumba kizima. Nikaona nipange mimi, kisha nikigawe kwa sita.

Chumba nilikipata ghorofani, juu ya duka la vitenge la mzee mmoja ambaye familia yake ilikuwa ikifanya biashara mjini tangu kabla ya reli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekalia belo la nguo.

"Yaani mtu atalipa kila mwezi kwa ajili ya meza," alisema, "na meza si yake."

"Ndiyo, mzee."

"Na jioni anaiacha."

"Anaiacha."

Alifikiri. Alikuwa na mtu mwingine aliyekitaka chumba kwa ajili ya kuhifadhia mitumba, lakini mabelo ya mitumba hayapiti dukani kununua kitenge, na watu hupita. Kwa hiyo akanipa sharti, na sharti hilo ndilo lililoninyima usingizi kwa robo mwaka: nipewe miezi mitatu, siku ya mwisho ya mwezi wa tatu nikiwa na meza tano zenye watu, chumba ni changu. Zikipungua tano, chumba kinapokea mitumba.

Nyumbani Pasiansi, mke wangu naye aliweka sharti lake. Chumba kikishindikana, kilichobaki cha kiinua mgongo kinakwenda Usagara, kwenye shamba la marehemu baba yangu, na sisi tunakifuata. Lakini mimi jembe nalijua kwa kulihesabu. Nimepokea na kutoa majembe maelfu katika maisha yangu, na sijawahi kulima mstari mmoja ulionyooka.

Nikanunua meza sita. Nikaandika kibao: MEZA ZA KUKODI. Mteja wa kwanza alitaka zote sita kwa siku moja, pamoja na mashuka meupe, kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Nilimweleza kwamba meza hazitoki chumbani. Aliniuliza kama basi harusi inaweza kuingia. Kesho yake nilibadilisha kibao.

Sasa kuhusu kahawa. Nilitaka mwanachama, ndivyo nilivyowaita wapangaji wa meza, akilipa asilipie mbao tu. Chai niliikataa baada ya kuipigia hesabu: chai ya kwetu inataka maziwa, maziwa yanataka sukari, sukari inataka maandazi, na maandazi yanataka mtu wa kuyakaanga. Kahawa ni kavu kama karani wa zamani. Inafika na meli kutoka Bukoba, inanywewa chungu, na kikombe chake ni kidogo. Birika moja, jiko moja la mkaa kwenye kibaraza cha nyuma, basi. Nilipanga wanachama watano, vikombe viwili kila mmoja, kimoja saa nne asubuhi na kimoja saa tisa alasiri. Jumla kumi. Nikaongeza viwili vya dharura. Bei ya meza ikawa shilingi elfu sita kwa mwezi, kahawa ikiwa ndani yake, na nikaiandika ukutani kwa herufi kubwa.

Siku ya kwanza nilikuwa na wanachama watatu. Vilinywewa vikombe thelathini na saba.

Nilivihesabu kwa kuviosha, kwa hiyo sina shaka na idadi. Mambo yalikwenda hivi. Mwanachama wangu wa kwanza alikuwa wakala wa samaki, Mjita mmoja mwenye sauti ya kuzoea kuita mtumbwi ulio mbali. Saa nne nikammiminia kikombe chake. Mbele yake walikuwa wameketi wenye mitumbwi watatu kutoka visiwani, waliokuja kuafikiana bei.

"Karibuni kahawa," akawaambia.

"Tumeshakunywa," walijibu wote watatu, kama inavyopasa.

"Hata kidogo."

"Haya, kidogo tu."

Nikamimina vitatu. Dakika kumi baadaye wakaja wengine wawili kuwatafuta wale watatu, na mambo yakaanza upya kuanzia "karibuni". Jioni nilimwita kando.

"Bwana, kahawa ile ni ya mwanachama."

"Kwa hiyo mimi ninywe, wao wanitazame?"

"Unaweza kusubiri waondoke."

"Hawaondoki. Wameshasikia kuna kahawa."

Yule dada mpiga chapa alikuwa anafunika mashine yake. Yeye alikulia ng'ambo ya ziwa, katika mibuni, na tangu asubuhi alikuwa ameshasema mara mbili kwamba kahawa yangu kwao wangeisuuzia birika. Akaniambia, "Hesabu yako nzuri sana, kaka. Ila umeifanya kwa ajili ya watu wasiosalimiana."

Alikuwa sahihi, na jambo hilo liliniudhi kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa hapa. Sijawahi hata siku moja kuweka kitu mdomoni mbele ya mgeni bila kusema karibu. Lakini nilipoketi na karatasi na penseli nilifikiri kama ghala, na ghala halina wageni.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa tiketi. Nilikata vipande vya karatasi ngumu, nikavigonga muhuri wa zamani wa tarehe, nikampa kila mwanachama viwili kwa siku. Tiketi moja, kikombe kimoja. Nilijisifu kimoyomoyo kwa siku moja nzima, nikiona vikombe vimerudi kwenye idadi yake. Siku ya pili niligundua kwamba wanachama wangu hawanywi tena. Kila mmoja alimpa mgeni wake tiketi, kisha akakaa mbele ya meza aliyoilipia, koo kavu, akinusa.

Wakati huo tulikuwa wanne. Aliongezeka mchoraji wa ramani za nyumba, mtu mkimya mwenye rula ndefu, na alikuwapo tangu mwanzo wakala wa bima. Huyu wa bima alikuwa na tai mbili, fomu nyingi, na mgeni hata mmoja hana. Watu walipanda ngazi kwa mpiga chapa, walipanda kwa wakala wa samaki, hata kwa mchoraji walipanda, kwake hapana. Nilikuwa nikimwonea huruma mpaka nilipoona anachokifanya na tiketi zake.

Alikuwa anazikopesha. Wakala wa samaki mwenye wageni wanne na tiketi mbili alikwenda kwake kuomba mbili nyingine, naye akampa kwa ukarimu mkubwa, kwa sharti moja dogo: atakayekunywa kwa tiketi yake aje anywee kwenye meza yake. Ndipo wenye mitumbwi, watu waliovuka ziwa tangu alfajiri, walipojikuta na kikombe mkononi na fomu mbele ya macho.

Siku moja mmoja wao, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu, alirudi kwenye meza ya samaki akiwa ameshika kikombe kilichojaa.

"Huyu ndugu yako mwenye tai," alisema, "ananiuliza nikizama wanangu watalipwa na nani."

"Ni kazi yake, mzee."

"Mimi nimekuja kuuza samaki. Sijazama. Kahawa imepoa na mimi bado sijafa."

Wengine walicheka, lakini yeye hakucheka. Kwetu kumzungumzia mtu kifo chake mbele ya uso wake ni karibu sawa na kumtakia, na kumzungumzia mvuvi kuzama asubuhi anapotaka kurudi majini ni zaidi ya hapo. Wiki ile wageni wa samaki walipungua, wakawa wanamsubiri wakala wao chini, kwenye ngazi.

Alinijia akiwa ametulia, na hilo lilinitisha kuliko angekuja akifoka. "Mwisho wa mwezi nahamia Kirumba, mwaloni kwa wavuvi. Kule hakuna kahawa, ila hakuna anayeuliza watu watakufa lini."

Nilikuwa nimebakiwa na wiki tano. Nilitakiwa kuwa na meza tano, nilikuwa na nne, na moja kati ya hizo ilikuwa inafungasha. Nyumbani mke wangu alikuwa ameanza kuuliza bei ya mbegu, kwa upole, kama mtu anayeuliza tu.

"Umeacha kuhesabu magunia," aliniambia usiku huo, "ukaenda kuhesabu vikombe. Hesabu basi na wanaovinywa."

Sidhani kama alikuwa ananishauri. Nadhani alikuwa anataka kulala. Hata hivyo asubuhi nilichukua daftari jipya, nikaketi kwenye meza mojawapo tupu, na kwa siku sita nikaandika kila aliyepanda ngazi: kaja kwa nani, kakaa kwa muda gani, kasimama au kaketi. Wanachama walidhani nimeajiriwa serikalini kwa siri.

Matokeo yalikuwa wazi. Wakala wa samaki, kwa wakati mmoja, alikuwa na wageni wanne. Mpiga chapa wawili, maana mmoja anasomewa barua yake na mwingine anasubiri. Mchoraji mmoja. Bima, sifuri. Na nikaona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yakiliona kila siku bila kuniambia: mgeni anayesimama hakaribishwi kahawa. Anaulizwa shida yake, anajibiwa, anashuka. Karibu ya kweli huanzia kwenye kiti. Kwa hiyo kilichokuwa kinamaliza kahawa yangu hakikuwa midomo, kilikuwa viti, na kiti ni kitu ambacho mtunza ghala anaweza kukiandika namba mgongoni.

Nilifuta bei ya zamani ukutani, nikaandika mpya. Meza pamoja na kiti chako, shilingi elfu nne. Kila kiti cha mgeni, mia nane. Aliyeketi anakunywa, mara moja au mara tatu, bila tiketi na bila kuulizwa na mtu. Tiketi nilizichoma kwenye jiko lile lile la kahawa, mbele yao, ili wajue sirudi nyuma.

Wakala wa samaki alisoma ukuta kwa muda mrefu. "Kwa hiyo mimi mwenye watu nalipa zaidi kuliko yule asiye na mtu."

"Unalipa elfu saba na mia mbili."

"Kwa kuwa napendwa."

"Kwa kuwa una viti vinne. Ukipunguza wageni, unapunguza viti."

"Nimfukuze nani?" Akaangalia wageni wake, nao wakamwangalia. Mwenye kofia ya sufu alikuwa amesharudi, na alikuwa ameketi. Wakala akatoa hela. Kirumba hakuitaja tena, ila kuanzia siku ile aliniita mwenyekiti, na wenzake wote wakafuata.

Aliyenishangaza alikuwa wa bima. Alikuja na mia nane mbili, akaziweka mezani zimenyooshwa.

"Huna wageni," nilimwambia. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nasoma daftari.

"Meza isiyo na kiti cha mgeni inamwambia nini mtu anayepita?"

"Kwamba huna mgeni."

"Basi unanielewa."

Nikampa viti viwili. Kila asubuhi alivifuta vumbi kwa kitambaa, akavigeuza kidogo kuelekea mlangoni, akaketi kuvisubiri.

Kahawa ikatosha. Nilikuwa nikipika vikombe thelathini na viwili kwa siku, nilivyokadiria, na siku ilikwisha birikani kukiwa kumebaki kimoja au viwili. Hata mpiga chapa alikubali siku moja kwamba sasa ni kahawa, ingawa alisema ni kahawa ya watu wanaokunywa chai. Kitu kimoja tu hakikutengemaa: meza zilibaki nne. Wawili walikuja kuangalia, wakasema watarudi. Mmoja alitaka meza kwa ajili ya kulalia mchana. Siku ya mwisho ya mwezi wa tatu ilipofika, meza ya dirishani na meza ya kona zilikuwa tupu, nami nilivaa shati langu zuri, la kupokelea habari mbaya.

Yule mzee mwenye nyumba alipanda saa nne. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda tangu anikabidhi funguo, kwa sababu ya magoti. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba zote kwa mkupuo, akapita mbele yangu moja kwa moja mpaka kwa mpiga chapa.

"Nina barua, mama."

"Karibu, mzee. Barua ya kwenda wapi?"

"Hapa hapa. Kwa mpangaji wa chumba cha juu."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu wa maandishi, na mpiga chapa wa karibu kuliko wote alikuwa humu. Viti viwili vya mpiga chapa vilikuwa na watu, mmoja wao mama mjamzito, na mzee alisimama akiegemea mkongojo. Ndipo wakala wa bima aliponyanyuka, akasogeza kiti chake kimoja, kile kilichofutwa vumbi zaidi.

"Mzee, keti huku. Yeye atasikia tu."

Mzee akaketi. Na mimi, ambaye barua ilikuwa yangu, nikabeba birika. Bei yangu mwenyewe ilisema aliyeketi anakunywa, na haikusema isipokuwa nani.

"Andika," alisema mzee. "Kwa mpangaji wa chumba cha juu. Nakujulisha ya kuwa." Mashine ikapiga. Ikasimama.

"Ya kuwa nini, mzee?"

Mzee alitazama meza, moja moja. Niliona midomo yake ikihesabu. "Subiri ninywe," alisema.

Alikuwa bado anakunywa zilipofika hatua nzito kwenye ngazi. Walikuwa kinamama wawili wa Ukerewe, wanunuzi wa jumla, wameambiwa dukani kwamba mzee yuko juu. Kwa kawaida hawa walisubiri wakiwa wamekalia mabelo, na meli ikikaribia waliondoka bila kumaliza mazungumzo. Mmoja alipewa kiti cha pili cha bima, mwingine akasogezewa kiti cha mchoraji, ambaye siku hiyo hakuwa na mgeni. Nikamimina. Wakala wa bima alifungua mdomo, akautazama uso wa wakala wa samaki, akasema tu, "Leo sizungumzii kifo. Labda moto."

Wakaafikiana doti arobaini za vitenge pale pale, juu ya fomu za bima. Kikombe cha pili kilitumika kwa kanga. Kwenye cha tatu kinamama wakaanza kuulizana na mzee habari za ndugu, na hapo nikajua kwamba biashara imekwisha na wamebaki kwa kupenda.

Walipoondoka, mzee alielekeza mkongojo dirishani. "Ile meza ya nani?"

"Haina mtu, mzee."

"Bei?"

Nikamwonyesha ukuta.

"Ukuta nimeusoma. Nauliza ya kwangu."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Mimi ndiye mwenye nyumba hii."

Chumba kizima kiliacha kufanya kazi ili kisikie. Nilisikia shati langu zuri likilowa mgongoni. Nikasema, "Chumba unanipangisha wewe, mzee. Meza napangisha mimi." Sijui nilikotoa maneno hayo. Ila kama ningepunguza hata mia moja, kesho wote wanne wangetaka kupunguziwa, na ningekuwa nimeokoa chumba kwa kukiua.

Mzee aliniangalia kama anavyokiangalia kitambaa ambacho mtu anadai hakichuji rangi.

"Viti vitatu," alisema mwishowe.

"Elfu sita na mia nne."

"Mzee amejihesabu mwenyewe," alisema wakala wa samaki, akitazama pembeni.

"Na barua?" aliuliza mpiga chapa, vidole vikiwa bado juu ya mashine. "Imefika kwenye ya kuwa."

"Endelea. Ya kuwa meza zimetimia tano." Akafikiri kidogo. "Weka tarehe."

Akaweka, akaichomoa, akamtoza bei ya ukurasa mzima. Barua hiyo ninayo hadi leo. Mke wangu aliisoma mara mbili jioni ile, akaikunja, na suala la mbegu likaishia hapo.

Nisingependa mtu adhani mzee alikuwa amenifanyia hisani. Mwezi uliofuata alipandisha kodi ya chumba. Nami nikapiga hesabu, nikapandisha kiti cha mgeni kutoka mia nane hadi elfu moja. Wakala wa samaki alinung'unika akalipa, mpiga chapa alilipa akanung'unika, na aliyelalamika kuliko wote alikuwa mzee. Alikaa kwenye kiti chake na kunieleza, kwa vikombe viwili kamili, kwamba Mwanza ya sasa kila mtu anajipandishia bei anavyotaka. Kesho yake alinirudishia kiti kimoja. Kuanzia hapo mgeni wake wa tatu alikuwa akiketi kwa wakala wa bima, ambaye alimpokea kwa mikono miwili, akampa kahawa, na kwa wiki nzima ya kwanza hakumwuliza swali lolote.